Kusimamia wanabiolojia katika ofisi ya wanyamapori ya Serikali: mwongozo kamili, kutoka swali hadi dokezo

Afisa anayeteuliwa kuwa mkuu wa seksheni ya ikolojia hukabidhiwa funguo, majalada na gari moja bovu. Maelezo ya kazi yenyewe hayamo. Matokeo yake wengi huangukia upande mmoja kati ya miwili: ama anaendelea kuwa mwanabiolojia na kuwaacha wenzake bila msimamizi, ama anageuka karani wa vibali vya safari na asisome data tena. Mwongozo huu unashika kitu kimoja: namba inayotoka kwenye seksheni yako lazima iweze kutetewa mbele ya mtu asiyeipenda. Hatua zote zinaelekea huko.

Umeandikwa kwa mazingira ya Tanzania Bara, yaani TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), Ngorongoro na ofisi za wanyamapori za halmashauri. Aliye Kenya au Uganda ataitambua sehemu ya uwandani, ila mifumo ya fedha na utumishi ni tofauti.

Hatua ya 1: Jua mipaka ya ofisi na ya kila mtu

Soma kwanza Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 pamoja na kanuni zinazogusa eneo lako. Kisha tenganisha mambo mawili ambayo vijana wapya huyachanganya: ufuatiliaji na utafiti. Kuhesabu wanyama kila mwaka kwa mbinu ileile, kurekodi mizoga, kupima mvua na kukagua nyasi ni ufuatiliaji, na ni kazi ya kila siku ya ofisi. Utafiti wa wanyamapori unaratibiwa na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori iliyoundwa kwa Sheria Na. 4 ya 1980, na mtafiti wa nje huhitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mwanabiolojia wako akianza kukusanya sampuli za damu kwa ajili ya shahada yake ndani ya safari ya ufuatiliaji, hilo ni jambo la vibali, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Andaa karatasi moja kwa kila mtu: alisomea nini hasa (mimea, ndege, mamalia wakubwa, takwimu, ramani), anaendesha gari la porini au la, ana mafunzo ya silaha au la, ana chanjo ya kichaa cha mbwa au la, safari yake ya mwisho ilikuwa lini. Safu hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Safari ina posho, na posho ni sehemu halisi ya kipato cha mtumishi. Msimamizi anayewapa safari watu walewale huvunja timu kabla ya sensa kuanza, hata kama kweli hao ndio hodari. Bandika zamu za safari ukutani, na ukizikiuka andika sababu.

Hatua ya 2: Swali kwenye ukurasa mmoja

Hakuna kazi kuondoka ofisini bila ukurasa wenye majibu ya maswali matano: tunauliza nini, nani ataamua, anaamua kati ya nini na nini, lini, na uhakika wa kiasi gani unamtosha. La tano ndilo gumu zaidi na ndilo linalopanga bajeti.

Chukua ushoroba (mapito ya wanyama) wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara. Limekuja ombi la kujenga ndani yake. Mwanabiolojia mwenye bidii ataleta pendekezo la kutathmini bioanuwai ya eneo lote kwa miezi sita. Lakini mwamuzi anataka kujua wanyama gani wanapita hapo, miezi gani, kwa upana gani, na kama ujenzi huo utaziba njia. Sensa ya kuhesabu wanyama kutoka angani haijibu hilo, kwa sababu sensa ni picha ya siku chache. Linajibiwa na nyayo na vinyesi kwenye mistari inayokatiza ushoroba kila mwezi, tembo waliovalishwa visukuma mawimbi (kola zinazotuma nukta za walipo) kama wapo, na mahojiano na wafugaji ambao wanaamkia hapo kila siku. Kanuni za shoroba za mwaka 2018 zipo, ila hazisaidii ofisi isiyo na ushahidi wa matumizi ya njia.

Mwanabiolojia akishindwa kujaza ukurasa huo, kaa naye mpaka ujae. Saa moja ya mezani ni nafuu kuliko siku kumi za mafuta.

Hatua ya 3: Oanisha mvua na mwaka wa fedha

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kiangazi ambacho wanyama wanaonekana vizuri kinaanza karibu wakati huohuo. Hapo ndipo sensa nyingi hufia: fedha za robo ya kwanza zinachelewa, zabuni ya ndege inaanza Septemba, mvua za vuli zinafika Novemba, sensa inahamishiwa mwakani. Tiba ni kufanya kazi ya karatasi kabla. Mahitaji yote ya sensa yawe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, na vigezo vya kiufundi viwe vimeandikwa na wanabiolojia ifikapo Mei ili viingizwe kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, mara bajeti inapofunguka. Vigezo vikiachiwa kitengo cha ununuzi pekee, utaletewa kamera za kupiga harusi.

Kazi za masika zina mtego wa upande wa pili. Zinafanyika Machi hadi Mei, na marejesho yote yanapaswa kufungwa kabla ya Juni 30. Mtu aliyekwama kwenye udongo mweusi wa mbuga kwa wiki moja anarudi na masurufu (fedha za safari alizokabidhiwa) ambayo hayajarejeshwa, na hatapata mengine mpaka arejeshe. Hakikisha risiti zinapigwa picha uwandani siku ileile.

Mafuta yahesabiwe, yasikisiwe. Land Cruiser ikitembea porini kwa gia ndogo, pangia kilomita 5 kwa lita. Siku 10 kwa kilomita 120 kwa siku ni kilomita 1,200, yaani lita 240. Ongeza asilimia 20 kwa kukwama, kuzunguka korongo na kurudi kambini, ufike lita 288. Anayekuandikia 200 hajawahi kulala porini kwa kukosa mafuta, na anayekuandikia 500 mwombe akuoneshe ramani ya njia.

Hatua ya 4: Malengo kwenye PEPMIS

PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, imechukua nafasi ya OPRAS, nayo inataka kazi igawanywe vipande vinavyopimika. Usiruhusu lengo la "kufanya sensa" wala "kuandaa ripoti nne". Lengo la idadi ya ripoti huzaa ripoti. Andika badala yake: karatasi zote za data zimehakikiwa na kuingizwa ndani ya siku 7 baada ya safari, waangalizi wamefaulu jaribio la kuhesabu kabla ya kupanda ndege, dokezo limemfikia mwamuzi kabla ya tarehe fulani. Kazi za dharura (tembo mashambani, simba kwenye zizi) zitakula sehemu kubwa ya muda wa mtu, hivyo ziwekee nafasi yake tangu mwanzo, la sivyo aliyeokoa mashamba ya watu ataonekana mzembe mwisho wa mwaka.

Hatua ya 5: Mafunzo na urekebishaji kabla ya kuhesabu

Hapa usikabidhi kazi kwa mtu ukaondoka.

Kwa sensa ya ndege ya sampuli, timu ni watu wanne: rubani, mwangalizi wa mbele anayerekodi kimo, muda na vipande vya mstari, na waangalizi wawili wa nyuma, kila mmoja na upande wake. Ndege ni ya mabawa ya juu, Cessna 182 au 206, inayoruka takriban futi 350 kutoka ardhini. Kila mwangalizi anahesabu wanyama walio kati ya fito mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa, na upana wa mkanda huo chini ndio unaobeba hesabu yote. Mkanda wa mita 150 kila upande ni mita 300. Mistari ikiwa kila kilomita 5, umehesabu asilimia 6 ya eneo. Ikiwa kila kilomita 2.5, asilimia 12. Kosa la asilimia 10 kwenye upana wa mkanda linaingia moja kwa moja kwenye idadi ya wanyama wa hifadhi nzima.

Kwa hiyo rekebisha, yaani pima upana halisi wa mkanda wa kila mwangalizi, hivi. Panga alama nyeupe kwenye uwanja wa ndege kila mita 20, vitambaa au mawe yaliyopakwa chokaa. Ndege ikatize juu yake angalau mara 20 kwa vimo tofauti. Kila mwangalizi ataje alama alizoziona kati ya fito, wa mbele asome kimo. Chora upana dhidi ya kimo kwa kila mwangalizi peke yake. Nukta zikitawanyika ovyo, tatizo karibu kila mara ni kichwa: mwangalizi anainama mbele au anajiegemeza kwenye kioo, na fito zinahama. Bandika utepe kwenye dirisha akiwa amekaa kawaida, utepe na ufito vilingane machoni pake, arudie. Tangu hapo mtu, kiti na upande havibadiliki mpaka sensa iishe. Mwangalizi akiugua, anayechukua nafasi yake anarekebishwa upya, hata kama uwanja uko mbali na rubani ananung'unika.

Ruka asubuhi, mshuke kabla jua halijawa kali na hewa kuanza kurusha ndege. Baada ya saa tatu angani jicho linachoka na swala wanaanza kutoweka kwenye hesabu. Kundi linalozidi wanyama 10 lipigwe picha, lakini mwangalizi ataje makadirio yake kwanza. Tofauti ya makadirio na picha ndiyo inayokuonesha nani anapunguza na nani anazidisha. Sauti zilizorekodiwa ziandikwe jioni ileile na mwenye sauti.

Kwa mikato ya gari, yaani kuhesabu ukiwa garini kwenye mstari uliopangwa, mwendo uwe kilomita 15 hadi 20 kwa saa, na unachohitaji ni umbali wa pembe mraba kutoka mstarini hadi alipo mnyama. Mwangalizi anapima umbali kwa kipima umbali cha leza na pembe kwa dira, halafu unazidisha umbali kwa saini (sine) ya pembe: mita 100 kwa nyuzi 30 ni mita 50. Lenga angalau maono 60 hadi 80 kwa kila spishi, chini ya hapo modeli ya uonekanaji inayumba. Jioni ya siku ya kwanza chora histogramu ya umbali wote. Ukiona milima kwenye 50, 100 na 150, watu wamekadiria kwa macho wakaacha kipimo kwenye gari. Ukiona upungufu karibu na sifuri, ama wanyama wanakimbia barabara ama dereva anasimama akiwa amechelewa. Siku ya kwanza makosa haya yanarekebishika; siku ya kumi yameshakuwa ripoti.

Kamera za mtego zina kanuni fupi: kimo cha goti, zitazame kaskazini au kusini kukwepa jua, nyasi za mbele zikatwe, tarehe na saa zihakikiwe kila unapobadili betri. Picha ya kwanza ya kila kituo iwe ya ubao wenye namba ya kituo na tarehe. Kamera iliyojirudisha kwenye tarehe ya kiwandani imeharibu miezi ya kazi ya watu wengi.

Hatua ya 6: Usalama

Yawe magari mawili mnapokwenda mbali na barabara kuu. Askari mwenye silaha kwa kila kundi linalotembea kwa miguu. Redio saa 1 asubuhi na saa 12 jioni; simu ya jioni ikikosekana kwa saa moja, mtu fulani aliyetajwa kwa jina kwenye mpango wa safari anaanza kutafuta, bila kungoja ruhusa.

Mizoga: mnyama aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikitoka puani au nyuma, chukulia ni kimeta. Mzoga haupasuliwi na hausogezwi. Daktari wa wanyamapori aitwe, na waliogusa waandikwe majina. Wanaoshika wanyama wala nyama wapewe chanjo ya kichaa cha mbwa kabla, si baada. Kulaza wanyama kwa dawa ni kazi ya daktari peke yake. Dawa zinazotumika kwa tembo na faru, kama etofini, zinaweza kumuua mtu kwa tone dogo, hivyo wawepo watu wawili wanaojua kiuasumu kilipo na namna ya kukitoa. Mwanabiolojia anayejitolea kushika bunduki ya sindano ili kuharakisha kazi, mkatalie mbele ya wote.

Hatua ya 7: Data ya kila jioni

Kikao cha jioni ni dakika 30 na hakikosi. Kila karatasi inasomwa na mtu asiyeiandika. Kuna jambo la kuangalia tangu taasisi hizi ziingie mfumo wa jeshi usu, wenye vyeo na amri za kijeshi: kijana mwenye cheo cha chini anaona kosa kwenye karatasi ya mkubwa wake, anasema "Sawa, Afande," basi. Tangaza wazi kwamba katika kikao hicho anayesoma data ndiye mwenye neno, na wewe uwe wa kwanza kukosolewa na kushukuru. Asubuhi vyeo virudi mahali pake.

Nakala ziwe tatu: kompyuta ya uwandani, diski ya nje inayosafiri kwenye gari lingine, na seva ya ofisi. Faili ghafi halihaririwi kamwe. Marekebisho yanafanywa kwenye nakala, yakiwa na tarehe na jina. Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, siku.

Kosa la kuratibu nukta linastahili aya yake. Ramani za topografia za nchi zimechorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, GPS inatoka kiwandani ikiwa kwenye mfumo wa WGS84, na tofauti kati ya hizo mbili hapa kwetu ni takriban mita 300. Mita hizo zinatosha kumhamisha mkulima kutoka nje ya mpaka hadi ndani ya hifadhi, na kesi ikaharibika. Pili, longitudo ya 36 mashariki ndiyo mpaka wa kanda za 36 na 37 za UTM (mfumo wa kutaja nukta kwa mita), nayo inapita katikati ya eneo la Tarangire na Manyara. Timu mbili za ofisi moja zinaweza kurudi na nukta za kanda tofauti, kisha ramani inaonesha nyumbu mamia ya kilomita kutoka hapo. Agiza nyuzi za desimali na WGS84 kwa kila kifaa, na kila asubuhi timu isome nukta moja inayojulikana, kwa mfano lango la kambi.

Mahali walipo faru na nukta za visukuma mawimbi hazitumwi WhatsApp, hata kwenye kundi la seksheni. Picha za simu huwa zimebeba nukta ndani yake pia.

Hatua ya 8: Kusoma ripoti na kuandika dokezo

Soma mara mbili. Mara ya kwanza mbinu na hesabu tu, bila kuangalia hitimisho. Rudisha ndani ya siku tano za kazi, maoni yakiwa kwa maandishi, kwa sababu ripoti inayokaa mezani mwezi mzima inamfundisha aliyeiandika kutokuharakisha nyingine.

Jipime kwa mfano huu wa darasani. Sensa ya awali ilikadiria tembo 5,000, kosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa makadirio) 600. Ya sasa 4,300, kosa sanifu 550. Rasimu inasema tembo wamepungua kwa asilimia 14. Chukua tofauti, 700. Kosa sanifu la tofauti ni kipeuo cha pili cha 600² + 550², yaani karibu 814. Gawa: 700 kwa 814 ni 0.86, chini sana ya 1.96, kiwango cha uhakika wa asilimia 95. Sensa hizi haziwezi kusema tembo wamepungua, wala haziwezi kusema hawajapungua. Sentensi hiyo ndiyo inayoandikwa, na inayofuata ni sampuli ya kiasi gani ingetosha kujibu.

Lakini tahadhari ya takwimu isiwe kichaka cha kujificha. Makadirio yaliyotangazwa mwaka 2015 yalionesha tembo wa Tanzania wameshuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Anguko la namna hiyo halimezwi na kosa sanifu lolote la kawaida, na ofisi ikiliona kwenye eneo lake inaliandika kama lilivyo, wiki hiyohiyo.

Dokezo kwa mkuu lisizidi ukurasa mmoja na nusu: kilichoulizwa, kilichoonekana, uhakika wake, njia mbili au tatu za kuchukua, na ushauri. Ripoti kamili iwe kiambatisho. Mkuu ana haki ya kukataa ushauri. Namba haibadilishwi kwa mdomo. Akihoji mbinu, mwanabiolojia ajibu kwa maandishi na majibu yaingie jaladani kwa folio (namba ya ukurasa wa jalada). Mara nyingi ombi la kulainisha namba hufa linapotakiwa kuandikwa.

Hatua ya 9: Data ya kubuni

Itatokea. Dalili zake: karatasi safi isiyo na vumbi wala jasho, kalamu ileile kwa siku nane, maono kila baada ya dakika kumi kamili, makundi ya 10, 20 na 30 pekee, na njia ya GPS iliyofutwa "kwa bahati mbaya". Linganisha njia ya GPS, kitabu cha safari cha gari na saa za karatasi. Vitatu hivyo haviongopi pamoja.

Usimgombeze mbele ya madereva na askari. Mwite faraghani, mwoneshe vitatu hivyo, msikilize: pengine gari liliharibika na aliogopa kurudi mikono mitupu, na hapo kosa lako ni kujenga ofisi ambayo karatasi tupu inaadhibiwa kuliko ya uongo. Data hiyo iondolewe yote, si ile siku moja tu uliyoithibitisha. Barua ifuate, na likijirudia taratibu za nidhamu za utumishi wa umma zichukue mkondo wake, kupitia ofisa rasilimali watu na si kwa hasira yako.

Hatua ya 10: Jalada la makabidhiano

Uhamisho huja kwa barua moja na siku chache za kujiandaa. Weka tayari jalada lenye ukurasa wa swali wa kila kazi inayoendelea, grafu za urekebishaji wa kila mwangalizi, orodha ya kamera na visukuma mawimbi pamoja na tarehe betri zinapokwisha, masurufu ambayo hayajarejeshwa, watafiti wa nje walio uwandani na vibali vyao vinaisha lini, na nywila za seva katika bahasha iliyofungwa masjala ya siri. Lihuishe kila robo mwaka, siku ileile unayopitia PEPMIS.